Pete za Kuungia Filta katika Lenzi Pana

Mpiga picha ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, za mikutano ya shule na za nchi yenyewe, mara nyingi huwa na lenzi zaidi ya moja. Kila lenzi ina mdomo wa upana wake, na filta, yaani kioo cha kuchuja nuru, hufungwa katika mdomo huo kwa hesi. Hapo ndipo taabu huanza, kwa maana filta ya lenzi moja haiingii katika nyingine, na filta njema si kitu cha bei rahisi. Dawa ya taabu hiyo ni pete nyembamba ya madini inayowekwa kati ya lenzi na filta. Lakini pete hizo ni za namna mbili. Moja huokoa fedha; ya pili, ikitiwa katika lenzi pana, huharibu picha.

Zamani taabu hii ilikuwa ndogo. Kampuni ya Nikon ilipotoa kamera yake ya F mwaka 1959, lenzi zake nyingi za miaka hiyo zilikuwa na mdomo wa milimita 52, hata lenzi pana ya milimita 24 iliyotoka mwaka 1967. Filta moja ilizitosha zote. Lenzi za siku hizi zina vipimo vingi: 49, 52, 55, 58, 62, 67, 72, 77 na 82. Kipimo hicho huandikwa mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake, baada ya alama Ø. Kisichanganywe na ile nambari nyingine ya milimita inayoonyesha urefu wa fokasi.

NAMNA MBILI ZA PETE

Pete ya kupandisha huingia katika mdomo mdogo na kupokea filta kubwa. Pete ya kushusha huingia katika mdomo mkubwa na kupokea filta ndogo. Kwa desturi nambari ya kwanza ni ya lenzi na ya pili ni ya filta. Hivyo pete ya 52-77 hupandisha, na ya 77-52 hushusha. Mnunuzi mwenye shaka na atazame hesi zenyewe: zile za upande wa nje ndizo zinazoingia katika lenzi, na zile za upande wa ndani ndizo zinazopokea filta.

KWA NINI LENZI PANA HUDHURIKA

Mtu na aweke viganja vyake viwili kando ya macho, kisha avisogeze mbele polepole. Mara viganja vitaonekana kama kuta mbili na kuficha vitu vilivyo pembeni. Lenzi nayo ni vivyo hivyo. Katika kamera ya filamu ya milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 50 huona pembe ya digrii 46 tu, lakini lenzi ya milimita 24 huona digrii 84. Kitu chochote kinachochomoza mbele ya lenzi pana, au kinachobana mdomo wake, huingia katika picha, na pembe nne za picha huwa nyeusi.

Hasara yake si ndogo. Watoto wa darasa la mwisho hukusanyika mara moja kwa picha ya kuagana, nao hupangwa safu ndefu. Pembe zikiwa nyeusi, wanaopotea ni wale waliosimama mwisho wa safu, na siku ile hairudi.

Kwa hiyo pete ya kushusha isitumiwe katika lenzi pana. Pete ya kupandisha ni salama zaidi, kwa kuwa ukingo wa filta kubwa hukaa mbali na njia ya nuru. Hata hivyo pete zisipangwe moja juu ya nyingine. Mtu anayeunganisha 52-58, kisha 58-67, kisha 67-77, amejenga bomba mbele ya lenzi. Pete moja ya 52-77 ingemtosha. Filta mbili kwa pamoja huleta dhara lile lile.

JINSI YA KUJARIBU

1. Ielekeze lenzi kwenye ukuta mweupe au mbingu isiyo na mawingu, na kuifokasi mbali kabisa.

2. Punguza tundu la nuru hadi f/16, kwa sababu tundu likiwa dogo kivuli cha pete huonekana wazi zaidi.

3. Piga picha moja bila pete, na ya pili ukiwa na pete na filta. Linganisha pembe za picha zenyewe, kwani vioo vya kutazamia vya kamera nyingi havionyeshi picha nzima.

Jaribio hili lifanywe kwa kila kamera. Kamera yenye kipokea nuru kidogo haitumii pembe zote za picha ya lenzi, na pete isiyodhuru humo yaweza kudhuru katika kamera kubwa.

MAMBO MENGINE YA KUANGALIA

Kivuli cha jua cha lenzi aghalabu hakiingii tena baada ya pete ya kupandisha kufungwa. Kofia au mkono waweza kuzuia jua, mradi usionekane katika picha. Tena ziko lenzi pana ambazo kioo chake kimetokeza mbele na hazina hesi kabisa, kama ile ya Nikon ya milimita 14-24 iliyotoka mwaka 2007. Hizo pete haziwezi kuzisaidia.

Mchanga wa pwani na vumbi la barabara husaga hesi, basi zipigwe brashi laini kwanza. Kabla ya kufunga, pete izungushwe kinyume kidogo mpaka ilie "ta", ndipo ikazwe kwa vidole bila nguvu nyingi. Ikinata isibanwe kwa koleo, maana hupoteza uduara wake na kuzidi kushika. Mdomo wake ukandamizwe polepole juu ya soli bapa ya raba, kisha lenzi izungushwe.

Mwenye lenzi za 52, 67 na 77 hana haja ya filta tatu za namna moja. Anunue moja ya 77, pamoja na pete ya 52-77 na ya 67-77. Kabla ya siku ya kazi, azijaribu zote mbele ya ukuta mweupe.