"Babu alienda Keya": namna ya kutafuta rekodi za jamaa aliyekuwa askari

Katika nyumba nyingi za kaunti hii kuna medali iliyofungwa kwenye kitambaa chini ya sanduku, au picha ya kijana aliyevaa kaptura na kofia pana, pamoja na maelezo mafupi ya wazee kwamba "babu alienda Keya". Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902. Vikosi vyake vya Kenya viligeuka kuwa Kenya Rifles mwaka 1963. Zaidi ya hapo, familia nyingi hazina habari. Sasa wajukuu wanauliza: alipigana wapi? Alirudi lini? Na yule kaka yake ambaye hakurudi, alizikwa wapi?

Baadhi ya maswali haya yanaweza kujibiwa. Shida ni kwamba wengi hukimbilia Nairobi, au huandika barua London, wakiwa na jina moja tu. Jina peke yake halitoshi. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia, na kati ya r na l, au p na b, jina liliweza kubadilika kabisa. Askari mwingine alijiandikisha kwa jina la ubatizo ambalo kijijini hakuna aliyelitumia. Kilichomtofautisha na wenzake ni namba yake ya jeshi, na namba hiyo hutafutwa kwanza nyumbani.

Chukua medali, uisafishe kidogo kwa kitambaa kikavu, kisha uangalie ukingo wake, si uso. Medali za Uingereza za Vita vya Kwanza vya Dunia zilichapwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Za Vita vya Pili, ambavyo wazee waliviita vita vya Hitla, kwa kawaida hazina jina. Hata hivyo zina la kueleza: Africa Star ni ya kampeni za Afrika, na Burma Star ni ya waliofika Burma. Picha nayo ichunguzwe begani. Kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Karatasi yenye thamani kuliko zote ni cheti cha kuachishwa jeshi, kwa sababu huonyesha namba na kikosi pamoja. Kipande cha zamani pia kisitupwe, kwani kiliandikwa mahali mtu alikotoka na kazi alizofanya.

Baada ya hapo, zungumza na wazee waliobaki, na usiulize tu "alikuwa askari?" Si kila aliyevaa sare alibeba bunduki. Wengine walikuwa madereva, wahudumu wa hospitali, mafundi wa mitambo ya mawasiliano au vibarua wa kikosi cha Pioneers, na kila idara ilikuwa na orodha zake. Uliza alisafiri kwa meli au kwa lori, alirudi kabla ya njaa gani au baada ya tohara ya rika gani. Majibu ya namna hiyo hupunguza miaka ya kupekua.

Jambo jingine linalowapotosha watafutaji ni majina ya wilaya. Mtu wa Kakamega, Vihiga au Bungoma hatapatikana chini ya majina hayo, kwani sehemu hizo zilikuwa North Kavirondo. Kisii na sehemu kubwa ya Homa Bay na Migori ziliitwa South Kavirondo. Murang'a ilikuwa Fort Hall. Kabla ya kuomba faili, jua mkoloni alikuita nani.

Kwa waliotumika kabla ya uhuru, mlango wa kwanza ni Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Asiende mtu akitarajia kukuta faili yenye picha ya babu yake. Kilicho kingi huko ni ripoti za mwaka za makamishna wa wilaya na barua zao. Ndani yake mna habari za vijana walioandikishwa na za hali ya waliorudi. Ni kazi ya siku kadhaa, na huhitaji subira.

Waliotumika baada ya uhuru, rekodi zao ni za Wizara ya Ulinzi, Ulinzi House, Nairobi. Hapa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba, humsaidia mwananchi. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika hueleza kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala. Ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Ikikataa, mwombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman. Habari zinazogusa usalama wa taifa au siri za mtu zinaweza kuzuiwa, kwa hivyo inafaa kuambatanisha nakala ya kitambulisho, cheti cha kifo cha marehemu na barua ya chifu inayoonyesha uhusiano.

London je? Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, ina kadi za medali za Vita vya Kwanza na shajara za vikosi za vita vyote viwili. Shajara huandika kikosi kilikuwa wapi siku gani; ni mara chache humtaja askari wa kawaida. Anayejua kikosi cha babu yake atafaidika. Asiyekijua atapoteza nauli na wakati.

Kwa ambaye hakurudi, pa kuanzia ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo orodha yake hutafutwa bure kwenye intaneti. Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Watu takriban 1,300 walikufa, wengi wao wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kuna familia ambazo hadi leo husema tu kwamba mtoto wao "alipotelea baharini".

Wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale ambao kambi yao iliuachia mtaa wa Kariakor jina lake, ndio wagumu zaidi kupatikana. Mwaka 2021 Tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Orodha haijafungwa. Familia yenye ushahidi kwamba jamaa yao alifia jeshini kati ya Agosti 4, 1914 na Agosti 31, 1921, au kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947, inaweza kuuwasilisha ili jina liongezwe. Hata aliyekufa kwa ugonjwa kambini anahesabiwa.

Kuna tahadhari moja. Anayepita vijijini akidai "ada ya usajili" ili familia ilipwe fidia ya KAR kutoka Uingereza aripotiwe kwa chifu au polisi. Kutafuta rekodi si kudai fidia, na kuongezwa kwa jina kwenye mnara hakuna malipo yoyote. Mkongwe aliye hai au mjane anayehitaji msaada awasiliane na DEFOCA, chama cha wanajeshi wastaafu.

Ofisi yoyote ikiomba ushahidi, peleka nakala. Medali na cheti cha asili vibaki nyumbani.