Pareto Kuanzia Mbegu: Ua Linalochumwa Miezi Mingi

Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa manjano. Moyo huo hubeba piretrini, sumu inayotumika kutengeneza dawa za kuua wadudu. Mmea uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi nchi iliongoza duniani kwa zao hili. Baadaye malipo yalichelewa na wakulima wengi wakaung'oa. Tangu sheria zibadilishwe mwaka 2013, kampuni za kibinafsi zinaruhusiwa kununua maua. Kwa kuwa shina moja hukaa shambani miaka mitatu au minne, mkulima hupaswa kujua mambo yafuatayo kabla ya kumwaga mbegu.

Mahali
Pareto hutaka mwinuko wa mita 1,700 hadi 3,000 na usiku wa baridi, kwani baridi ndiyo huufanya mmea utoe maua. Kitale, iliyo karibu mita 1,900, inafaa. Miinuko ya Mlima Elgon, kama Kapsokwony katika Kaunti ya Bungoma, inafaa pia. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400. Huko majani hunawiri lakini maua huwa haba. Shamba lisituamishe maji, maana mizizi huoza upesi.

Kitalu
Mbegu zilizookotwa shambani kwa jirani huzaa mimea isiyolingana, kwa sababu pareto huchavushwa na mimea mingine. Ni heri kutafuta mbegu zilizothibitishwa kupitia afisa wa kilimo wa wadi.

Mbegu ni ndogo sana. Huchanganywa na mchanga mkavu ili zisambae sawa, hufunikwa kwa udongo mwembamba, kisha nyasi kavu huwekwa juu. Miche hukaa kitaluni miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo anayetaka kupanda mvua ya Aprili husia mbegu Desemba, na kitalu huwa karibu na maji kwa sababu hicho ni kipindi cha kiangazi.

Shambani
Miche hupandwa juu ya matuta, sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya miche. Ekari moja huchukua miche 22,000 hivi. Maua ya kwanza huonekana baada ya miezi mitatu au minne. Mmea uliokwisha kushika mizizi huvumilia kiangazi. Wakati huo mashina makavu hukatwa ili mengine yachipuke mvua ikirudi.

Kuchuma na kukausha
Maua huchumwa kila baada ya wiki mbili au tatu, petali zikiwa zimenyooka. Yakichumwa machanga au yakikomaa kupita kiasi, mkulima hupoteza, kwa sababu bei hufuata kiasi cha piretrini. Maua mabichi yakirundikwa hupata joto na kuharibika. Huanikwa siku ileile kwa tabaka jembamba. Kilo nne hadi tano mbichi hutoa kilo moja kavu.

Mkataba
Kabla ya kupanda, mkulima amwulize mnunuzi maswali matatu: Piretrini inapimwa wapi? Matokeo yanatolewa lini? Malipo yanafika baada ya siku ngapi? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.