Shida ya Januari Humalizwa Juni: Ninavyoweka Akiba Huku Kasulu na Kibondo

Huku nyanda za juu za Kigoma tunajua njaa yetu inafika lini. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika karibu na Mei, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Februari mahindi mapya bado yako shambani, ghala limepungua, palizi inadai nguvu na watoto wanataka sare na madaftari ya mwaka mpya wa shule. Bei ya debe hupanda wakati huohuo. Ndugu na majirani hunijia wakiuliza wafanye nini, na huwa naumia kuwajibu, maana dawa ya Januari ilitakiwa kunywewa Juni, siku ambazo mahindi yalikuwa yamejaa uani na hakuna aliyeona haja ya kuhesabu. Naandika haya mapema ili safari hii tuhesabu pamoja.

Upo pia uhaba wa aina nyingine, ule unaotoka mbali. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na tangu hapo vitu vyetu vingi vinakuja kwa njia ndefu inayoweza kukatika popote. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama, na sisi tulio mwisho wa reli tukabaki kutegemea malori. Na barabara ya kutoka Nyakanazi kupita Kibondo hadi Kasulu, kabla lami haijaanza kutufikia, ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uzalishaji wa sukari viwandani na nchi nzima ikaitafuta. Ukiishi mwisho wa barabara, sukari ikiadimika Dar es Salaam wewe uko nyuma kabisa ya foleni.

Wazazi wetu waliona makubwa zaidi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ukame na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, maduka yalibaki na rafu tupu. Watu walifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na walikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, ule walioubatiza jina la Yanga. Mwaka 1983 Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu aliongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na hofu ilikuwa kubwa. Ninalotaka tulichukue hapo, tusije tukachanganya akiba na ulanguzi, ni hili: akiba ya nyumbani ni kile familia yako itakachokula na kutumia mpaka mavuno. Anayenunua magunia hamsini mwezi Juni ili awauzie majirani kwa bei ya kuwakamua Januari hafanyi akiba, na makala hii haimhusu.

Mimi huanza kwa kipimo. Usikisie. Jaza debe moja la mahindi, lisage, andika ukutani tarehe uliyoanza kulipika, kisha andika tarehe lililokwisha. Fanya hivyo wakati watoto wote wako nyumbani na mnakula kama kawaida. Ukishajua debe linakaa siku ngapi, hesabu madebe ya kukufikisha Mei, ongeza kidogo kwa ajili ya wageni na msiba, na kiasi hicho kisiguswe na mnunuzi yeyote. Kinachozidi ndicho cha kuuza. Wengi tunafanya kinyume: tunauza kwanza, halafu tunakula kilichobaki. Na wako wanaouza mahindi yakiwa bado mabichi shambani, mtu anakuja na fedha taslimu mwezi Februari, anakadiria kwa macho, mwezi Mei anakuja kuvuna. Jambo hili linanikera kuliko yote ninayoyaandika hapa, maana mwenye shamba hurudi kununua mahindi yaleyale kwa debe, kwa bei mara mbili au zaidi. Kama shida imekubana, uza kuku au mbuzi, ingia kikundi cha kuweka na kukopa, omba kibarua, lakini shamba bichi liache.

Sasa mahindi yenyewe. Adui mkubwa ni dumuzi. Mdudu huyu si wa kwetu kwa asili, alitoka Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora, majirani zetu, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza wakulima wa huko, wakampa jina la Skania kwa jinsi alivyopiga kazi kama lori. Punje aliyoiingia huifanya unga. Jambo la kujua kumhusu ni kwamba hupenda mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa sababu punje zimeshikana na yeye anapata pa kujiegemeza anapotoboa. Ile desturi ya bibi zetu ya kutundika mahindi na magunzi yake juu ya jiko ilifaa kabla dumuzi hajafika. Leo pukuchua yote kabla ya kuyaweka ghalani.

Lakini kwanza yakauke. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo, geuza mara kwa mara na yafunike jioni kwa sababu umande wa huku juu ni mzito. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi kama asilimia 13. Kipimo cha jikoni, cha kukadiria tu, ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa yenye mfuniko, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Ikianguka yote chini, endelea. Kosa la unyevu ni la hatari kuliko la wadudu, kwa sababu wadudu unawaona ila sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, huioni. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyoota ukungu usiyachanganye na mazima ili kuongeza ujazo, na usiwape hata kuku.

Yakishakauka kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni dawa ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya nafaka za ghala, inayochanganywa na punje juu ya turubai kwa koleo mpaka ienee. Soma kipimo kwenye pakiti. Zile nilizozizoea hutaka gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Nunua pakiti isiyofunguliwa, kwenye duka la pembejeo linalojulikana, na tafadhali, dawa ya maji ya kupulizia mboga au pamba isiingie kwenye chakula hata ukiambiwa inaua haraka. Njia ya pili, na ndiyo ninayoipenda kwa mahindi ya kula, ni mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba cha nje. Haihitaji dawa yoyote. Mdudu aliyefungiwa humo humaliza hewa akafa. Jaza mfuko wa ndani, ukandamize utoe hewa, usokote mdomo na ufunge kwa kamba, kisha fanya hivyohivyo mfuko wa pili, halafu wa nje. Usiufungue ovyo, kwa sababu kila ukiufungua unawarudishia wadudu pumzi. Ndiyo maana natenga gunia moja la kuchotwa kila siku, na mengine yanabaki yamefungwa. Panga juu ya chaga, acha nafasi kati ya magunia na ukuta, na pambana na panya mapema; tundu moja la panya linaharibu kazi yote ya mfuko huo.

Wengi huuliza kama mahindi peke yake yanatosha. Hayatoshi, na Muha wa huku hahitaji kufundishwa hilo, tuna muhogo. Uzuri wa muhogo ni kwamba ghala lake ni ardhi. Unaweza kukaa shambani mwaka mmoja hadi miwili, ukachimba unachohitaji, na hakuna mlanguzi wa kukujia usiku kuukadiria. Mimi sipandi wote siku moja. Napanda kipande mwanzoni mwa mvua, kingine baadaye, ili kila mwaka kuwe na ulioiva na unaokuja. Vipando nachagua kwenye mashina yenye majani safi. Majani yaliyojikunja yenye mabaka ni ugonjwa wa batobato, na ukichimba mzizi ukakuta ndani umeoza kwa rangi ya kahawia, hiyo ni michirizi kahawia. Shina la namna hiyo usimpe hata jirani.

Kwenye kusindika muhogo mchungu ndipo naomba msomaji atulie anisikilize. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na kuloweka au kuvundika kwa siku kadhaa kisha kuanika ndiko kunakoiondoa. Wakati wa njaa watu hufupisha siku hizo kwa sababu watoto wanalia. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, katika ukame, ulilipuka ugonjwa wa konzo: mtu anaamka miguu yote miwili imepooza, na haiponi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa waliokula muhogo usiosindikwa vizuri bila maharage, samaki wala nyama. Kwa hiyo siku za kuloweka hazipunguzwi, hata kama njaa imeingia. Na kama una unga ambao huuamini, ipo njia rahisi iliyofanyiwa utafiti: uloweshe kwa maji hadi uwe na unyevu wote, utandaze kwenye sinia au ungo kwa tabaka jembamba lisilofika sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike ugali siku hiyohiyo. Sumu huondoka na hewa. Njia hii huongezwa juu ya kuloweka kwa kawaida, haichukui nafasi yake.

Makopa, yaani vipande vya muhogo uliokaushwa, nayo usiyaweke muda mrefu ukidhani ni salama kuliko mahindi. Dumuzi huyahujumu vilevile. Acha muhogo mwingi ardhini, kausha kidogo kidogo.

Maharage hayana maneno mengi. Ndiyo yanayotuletea fedha, na ndiyo maana huuzwa yote. Baki na ya kula, kwa sababu bila maharage ugali wa muhogo haulindi mwili, na baki na mbegu kando, kwenye chombo chake, imeandikwa jina. Anayekula mbegu mwezi Septemba atainunua Oktoba kwa bei anayoamua mwingine. Maharage yaliyokaa sana huwa magumu kuiva na hula kuni, kwa hiyo kula ya zamani kwanza.

Vitu vya dukani naviwekea kiasi cha mwezi mmoja au miwili, basi. Chumvi tunabahatika: Uvinza wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na iko mkoani kwetu. Sabuni ya mche hukauka ikikaa na huisha polepole, kwa hiyo kuinunua mapema ni faida. Mawese kutoka ukanda wa ziwa hukaa vizuri kwenye dumu lililojaa, lililofungwa na kuwekwa gizani. Asali ya misitu ya Kibondo ni akiba ya sukari isiyoharibika, mradi imekamuliwa safi na haina maji. Dawa za hospitali anazotumia mzee wa nyumbani kila siku zisisubiri zibaki mbili ndipo mtu atumwe mjini.

Kuna jambo ambalo makala nyingi za akiba hulipita. Kwa miaka mingi tumeishi jirani na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, zenye watu wanaokula kwa mgao, na mgao huo umepunguzwa zaidi ya mara moja miaka hii. Soko letu hulisikia hilo mara moja: mgao ukiwa mzuri unga wa msaada huonekana sokoni na bei hushuka, ukikatwa watu huja kutafuta vibarua kwa malipo ya chakula. Wengi wetu tuna damu moja na wale waliovuka mpaka kutoka Burundi, na lugha tunasikilizana. Kwa hiyo katika hesabu yangu ya Juni lipo debe la palizi, la kumlipa atakayekuja kulima kwa chakula, nalo nalipima sawa na la watoto wangu. Ukimpunja mtu mwenye njaa kwa sababu hana pa kwenda, akiba yako ina laana.

Mwezi Oktoba, kabla ya kupanda, pitia ghala lote. Nusa, shika, tazama chini ya kila gunia. Ukikuta vumbi jeupe, usifunge tena ukasubiri. Mwaga lote siku hiyo, anika, pepeta, yaliyotobolewa yatengwe, na yaliyobaki mazima ndiyo yatangulie kwenda mashineni.