Jumatano: Jumba Lilipoanguka

Soma Danieli 4:19–37. Nebukadreza alijifunza nini juu ya uwezo wa Mungu, na alijifunza kwa njia gani?

Mfalme alitembea juu ya jumba lake, akautazama mji wa Babeli na kujisifu kwamba ndiye aliyeujenga. Kabla hajamaliza kusema, sauti ilishuka kutoka mbinguni. Nyakati saba zilipita, naye akila majani kama ng’ombe, ndipo akainua macho yake mbinguni na akili zake zikamrudia. Mtu aliyeshindwa kumtambua Mungu akiwa katika enzi alimtambua akiwa kondeni.

Unguja nayo imeona enzi ikitikiswa. Aprili 1872, Sultani Barghash bin Said akiwa bado mgeni katika utawala, tufani iliharibu merikebu zake na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikupata hasara kama hiyo. Mwaka 1883 Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, likitazama bahari pale Forodhani, Mji Mkongwe. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ilibomoa kasri la jirani kwa muda usiofika saa moja, lakini Jumba likabaki limesimama. Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki.

Magofu kama hayo humfundisha mwamini kwamba kazi ya mikono ya wanadamu haidumu, na kwamba Mungu peke yake ndiye asiyetikisika. Hilo ni kweli. Lakini hapo hapo lipo jaribu: kutaka kueleza kwa nini watu wale wawili walikufa siku ile, au kwa nini tufani ilipiga Unguja zaidi kuliko Pemba.

Soma Luka 13:1–5. Yesu aliwajibuje watu waliofikiri kwamba msiba ni kipimo cha dhambi?

Yesu alitaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu? Alijibu kwamba sivyo. Kisha akawageukia wasikilizaji wake na kuwaita watubu. Hakuwapa nafasi ya kuwahukumu waliokufa. Aliwataka wajichunguze wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Danieli alieleza sababu ya anguko la mfalme? Danieli alifunuliwa na Mungu, hakukisia. Tena, angalia alivyoupokea ujumbe huo. Mfalme huyu ndiye aliyewachukua ndugu zake mateka, lakini Danieli hakufurahi. Alishangaa, akafadhaika, akatamani ndoto ile iwapate adui za mfalme (fungu la 19). Kisha akamsihi aache dhambi na kuwahurumia maskini (fungu la 27). Hata aliyekuwa na neno la hakika alilisema kwa huzuni. Je, yule asiyefunuliwa kitu angepaswa kunyenyekea kiasi gani?

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Waadventista wa Unguja, ambao ni wachache kati ya majirani Waislamu. Nyumba ya jirani ikibomoka wakati wa masika, au mtoto wake akizama baharini, kanisa linaweza kufika na maelezo, au linaweza kufika na mkeka, maji na neno la pole. Anayefika na maelezo amejiweka mahali pa Mungu, kama Nebukadreza alivyofanya juu ya jumba lake. Anayefika kwa upole anakiri kwamba yeye naye anaishi kwa rehema tu. Naye jirani akija kuuliza juu ya tumaini lake, atakuwa na mlango wa kuingilia.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kukiri uwezo wa Mungu na kudai kujua sababu ya kila analofanya au kuruhusu?

2. Ni lini ulipata kueleza msiba wa mwenzako kabla ya kulia naye? Ungefanya nini tofauti leo?

3. Nebukadreza alinyenyekezwa. Je, mtu anaweza kunyenyekea kabla ya kuanguka? Taja jambo moja darasa lenu linaloweza kufanya juma hili kwa jirani aliyefiwa.