Vijana wa Shule na Nguvu za Wazee

Ninyi walimu mnaowafundisha vijana wa kipaimara, twajua sote jinsi afanyavyo kijana mwema arudipo nyumbani wakati wa likizo. Amwonapo bibi yake ameshika jembe, humpokonya upesi, akimkuta amejitwika ndoo ya maji, humtua na kumwambia, "Bibi, keti upumzike." Majirani humsifu ya kuwa amelelewa vema. Wala mimi sisemi kwamba kumpokea mzee mzigo si adabu. Lakini yafaa tuulize ni wazo gani lililo chini ya maneno hayo. Mara nyingi kijana amekwisha kuamini kwamba mzee ni kama taa iliyo karibu kuishiwa mafuta, na kila ajitikisapo anapunguza yale machache yaliyosalia. Wazo hilo si la kweli, nalo limewadhuru wazee wengi waliopendwa sana.

Mwili wa mtu si taa. Misuli isiyotumika hunywea, mifupa isiyobeba kitu hudhoofika, na mtu aketiye kutwa hupotewa na ule uwezo wa kusimama imara pasipo kuyumba. Ndipo huanguka na kuvunjika nyonga, na watu husema, "Ni uzee tu." Kumbe kigoda nacho kilikuwa na sehemu yake.

Mwaka 1990 daktari mmoja wa Boston katika Marekani, Maria Fiatarone, pamoja na wenzake, walitangaza habari za wazee 10 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee, umri wao kadiri ya miaka 90, tena wanyonge. Kwa muda wa majuma 8 wazee hao walizoezwa kuinua vitu vizito kwa miguu yao. Mmoja hakufika mwisho. Bali wale 9 waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka 174 kwa mia. Maana yake, nguvu zilizidi maradufu, na hao walikuwa watu ambao wajukuu wao wangewakataza hata kuinuka kitini.

Wala si lazima kuvuka bahari ili kuona mambo haya. Katika nchi ya Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe. Kristen Hawkes na wenzake waliandika mwaka 1989 kwamba huko wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, walitumia saa nyingi zaidi katika kutafuta chakula kuliko wanawake vijana. Walichimba mizizi katika ardhi ngumu kwa mti uliochongwa, na wajukuu wakashiba. Hakuna aliyewaambia waketi.

Sasa tulitazame jambo la pili, ambalo kwangu mimi ndilo zito zaidi. Mwalimu Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alichunguza habari za watu wa mji mmoja wa Ohio, wenye miaka 50 na zaidi. Mwaka 2002 alionyesha kwamba wale waliouwazia vema uzee wao wenyewe waliishi zaidi ya wenzao kwa miaka 7 na nusu, kwa wastani. Naye afundisha ya kuwa mawazo hayo hayazaliwi uzeeni. Mtu huyapokea tangu utotoni, huyabeba, na mwisho humrudia mwenyewe. Basi kijana wa miaka 15 acheke mzee anayekwenda mbio, amejiwekea akiba mbaya ya miaka 50 ijayo.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu wa miaka 65 na zaidi ajizoeze kwa kadiri, angalau dakika 150 kwa juma, kama vile kutembea kwa haraka. Tena afanye kazi za kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi, na mazoezi ya kusimama imara siku 3. Mgonjwa wa moyo na amwulize kwanza mganga, na kila mtu aanze kidogo kidogo.

Lakini tusije tukapotoka upande wa pili. Wako mabibi walioachiwa wajukuu watano, wenye kulima, kuteka maji na kupika peke yao. Mzigo wa namna hiyo si mazoezi, ni kuelemewa. Na kijana aliyejifunza Amri ya Nne hana ruhusa ya kutumia somo hili kama udhuru wa kulala.

Katika darasa, mwalimu, usianze kwa hotuba. Watume wanafunzi, kila mmoja kwa mzee mmoja, wakafundishwe kazi ya mikono: kusuka mkeka, kupogoa kahawa, kupalilia migomba. Wafanye naye kazi hiyo asubuhi nzima, bega kwa bega. Juma lifuatalo waulize nani alichoka kwanza.