Inafuata au Haifuati? Jinsi ya Kujibu Maswali ya Silojisimu

Mafrateri walio katika masomo ya Falsafa hukutana na silojisimu katika somo la Mantiki. Kijana wa parokiani naye huikuta katika mtihani wa mchujo wenye maswali ya kupima uwezo wa kufikiri: anapewa sentensi mbili, kisha anaulizwa kama sentensi ya tatu inafuata. Wengi wanaokosa hukosa kwa sababu moja, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa.

Silojisimu ni nini?

Ni hoja yenye sentensi tatu. Mbili za kwanza huitwa kauli tangulizi. Ya tatu ni hitimisho. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle (384–322 K.K.) ndiye aliyepanga kanuni zake. Tuchukue mfano wa okidi, maua ambayo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ina aina zake zaidi ya 40:

Okidi zote ni mimea.
Mimea yote huhitaji maji.
Kwa hiyo, okidi zote huhitaji maji.

Neno "mimea" limo katika kauli zote mbili, lakini halimo katika hitimisho. Hilo ndilo neno la kati. Kazi yake ni kuunganisha "okidi" na "maji". Lisipounganisha sawasawa, hoja huanguka.

Hatua ya 1: Usijibu kwa yale unayoyajua

Mtahini haulizi kama sentensi ni ya kweli. Anauliza kama hitimisho linafuata. Angalia hoja hii:

Vipunji wote ni ndege.
Ndege wote hutaga mayai.
Kwa hiyo, vipunji wote hutaga mayai.

Tunajua kipunji si ndege. Ni mnyama wa jamii ya kima, aishiye katika misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone upande wa Kitulo, na wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Hata hivyo, jibu sahihi ni "inafuata". Kauli ya kwanza ni ya uongo, lakini ukizikubali kauli zote mbili, huwezi kulikataa hitimisho.

Hatua ya 2: Pima maneno madogo

"Wote" haigeuzwi. Abiria wote wa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya hupita Makambako. Lakini si kila apitaye Makambako amepanda treni, kwani barabara kuu ya kwenda Mbeya nayo hupita hapo.

"Baadhi" katika Mantiki maana yake ni "angalau mmoja". Haisemi kwamba wengine hawamo.

"Wote" pamoja na kikanushi huhitaji uangalifu. "Wageni wote hawakufika" ni kusema hakuna aliyefika. "Si wageni wote waliofika" ni kusema baadhi hawakufika.

"Tu" hugeuza mwelekeo. "Waliobatizwa tu ndio wanaoweza kupewa daraja ya upadre" maana yake ni kwamba mapadre wote wamebatizwa. Haina maana kwamba kila aliyebatizwa anaweza kupewa daraja.

Hatua ya 3: Chora duara

Viazi vyote vya shamba hili hustawi penye baridi.
Pareto yote ya shamba hili hustawi penye baridi.
Kwa hiyo, baadhi ya viazi ni pareto.

Chora duara kubwa la "vinavyostawi penye baridi". Ndani yake chora duara dogo la viazi, na jingine la pareto pembeni, yasigusane. Kauli zote mbili zimetimia, lakini hitimisho halikutimia. Ukipata mchoro mmoja tu wa namna hiyo, jibu ni "haifuati".

Kosa liko kwenye neno la kati. Hakuna kauli iliyozungumzia vitu *vyote* vinavyostawi penye baridi. Kushiriki sifa moja hakuvifanyi vitu viwili kuwa kitu kimoja.

Nje ya chumba cha mtihani

Katika nchi yetu vikongwe wamewahi kuuawa kwa hoja hii:

Wachawi wote wana macho mekundu.
Bibi huyu ana macho mekundu.
Kwa hiyo, bibi huyu ni mchawi.

Ilinganishe na hoja ya viazi na pareto. Kosa ni lilelile: hakuna aliyesema kwamba *wote* wenye macho mekundu ni wachawi. Hoja imeshaanguka hata kabla hatujauliza kama kauli ya kwanza ina ukweli wowote, au kabla hatujakumbuka miaka ambayo bibi huyo amepikia kwenye moshi wa kuni. Aliyejifunza kuchora duara anaweza kusimama katika jumuiya yake na kusema, "Ndugu zangu, haifuati."

Zoezi

1. Baadhi ya wanakwaya ni walimu. Walimu wote wamesoma. Je, baadhi ya wanakwaya wamesoma?
2. Hakuna mbuzi aliye ng'ombe. Hakuna ng'ombe aliye kondoo. Je, hakuna mbuzi aliye kondoo?
3. Wakulima wote wa chai huamka mapema. Mama huyu huamka mapema. Je, ni mkulima wa chai?

Majibu

1. Inafuata. Wale wanakwaya ambao ni walimu wamesoma.
2. Haifuati, ingawa ni kweli. Kauli mbili za kukanusha haziunganishi kitu. Weka "mbuzi" mahali pa "kondoo" uone: kauli zinabaki kweli, hitimisho linakuwa uongo.
3. Haifuati. Chora duara la wanaoamka mapema, kisha umweke mama huyu nje ya duara la wakulima wa chai.