Kuizoea Pikipiki Mpya: Somo Kutoka Milima ya Karagwe na Kyerwa



Wako miongoni mwetu walionunua pikipiki kwa fedha za karafuu, na wako wanaokusudia kununua. Chombo hiki kina manufaa mengi, lakini hakimhurumii asiyekijua. Mtu akivunjika mguu wakati wa mavuno, karafuu hazimngoji apone. Huchanua mtini na thamani yake hupotea. Kwa hiyo tumeona yafaa kutoa somo hili.

Mfano wetu tumeutwaa bara, kwa wakulima wenzetu wa kahawa na ndizi wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizi zilikuwa moja mpaka Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Nchi yao ni ya milima na mabonde. Barabara ya Kyaka mpaka Bugene ni ya lami, lakini njia nyingi za mashambani ni za udongo na changarawe, na mvua za vuli na za masika zikinyesha huteleza kama sabuni. Vilima vyetu vya Pemba ni vifupi, lakini utelezi ni ule ule.

1. Kuijua kabla ya kuipanda

Isukume kwanza injini ikiwa imezimwa, upate kuujua uzito wake. Kisha keti, ujifunze mahali pa kila kitu bila kutazama chini. Mkono wa kulia hutia mafuta na kushika breki ya mbele. Mkono wa kushoto hushika klachi. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Wa kushoto hubadilisha gia. Mpango wa gia haufanani katika pikipiki zote, basi soma kitabu chake au muulize fundi. Aliyezoea pikipiki ya zamani asidhani kuwa mpya itamtii vile vile.

2. Uwanjani, polepole

Tafuta uwanja mtupu. Vaa kofia ngumu na uifunge kamba, na viatu vya kufunika mguu. Tia gia ya kwanza, achia klachi kidogo kidogo mpaka uone chombo kinataka kwenda. Hapo ndipo pa kupazoea. Rudia mara nyingi. Kisha nenda taratibu kwa mstari ulionyooka, halafu zunguka kwa umbo la namba 8. Bana tangi kwa magoti, mikono iwe milegevu, na macho yatazame mbali. Chombo hufuata macho: ukikodolea shimo, utaingia shimoni.

3. Kusimama

Kujua kwenda si kazi kubwa. Kazi ni kusimama. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, kwa sababu uzito huhamia mbele chombo kinapopunguza mwendo. Ibane kwa kuongeza nguvu taratibu, pamoja na ile ya nyuma. Penye matope au changarawe, ya mbele iguse kwa wepesi sana, wala usiibane hali umepinda. Kumbuka pia kuwa mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kila sekunde moja unakwenda mita 11. Mtoto akitokea migombani, mita hizo ni nyingi.

4. Mlimani

Ukisimama katika mpando, zuia chombo kwa breki ya nyuma, mguu wa kushoto ukiwa chini. Tia mafuta kidogo, achia klachi mpaka injini ianze kuvuta, ndipo uachie breki.

Katika mteremko, tia gia ndogo tangu juu, injini ikusaidie kuzuia mwendo. Wako wanaozima injini ili kuokoa petroli. Hii ni hesabu mbaya. Mzigo wote wa kuzuia huangukia breki. Breki zikipata moto mno hupungua nguvu, na kona haingoji. Petroli uliyookoa haitoshi kulipa dawa.

5. Mzigo

Mkungu wa ndizi au gunia la kahawa hubadilisha kila kitu. Usipakie mtu wala mzigo mpaka uwe umeizoea pikipiki peke yako, katika njia kavu na katika njia yenye maji. Ukianza, anza na mzigo mdogo. Uweke chini na katikati, ufunge usicheze, wala usitokeze pembeni ukagonga wapita njia. Upepo wa mipira uwe kama kitabu kinavyoagiza.

6. Siku za mwanzo

Mipira mipya huteleza; pinda kwa upole siku za kwanza. Injini mpya nayo usiikamue, bali fuata kitabu, na oili ya kwanza ibadilishwe kwa wakati wake. Tazama mnyororo mara kwa mara, maana ukiwa mpya hulegea upesi.

Jipime hivi: je, waweza kusimama pale pale ulipokusudia? Waweza kuondoka mlimani bila kurudi nyuma? Waweza kubadilisha gia bila kutazama mguu? Kama jibu moja ni hapana, rudi uwanjani. Hapana aibu. Mwenda pole hajikwai, na shamba linamhitaji mwenyewe akiwa mzima.